Wanaume Wawili, Magita Matatu

Kuna nyimbo chache Kenya ambazo DJ hawezi kukosea akiziweka. Harusi Machakos, disko matanga Siaya, baa ya Umoja siku ya mshahara: "Sina Makosa" ya Les Wanyika ikianza tu, mjomba aliyekuwa amesinzia anaamka, shangazi anavua viatu, na sisi tuliozaliwa miaka ishirini na zaidi baada ya wimbo kurekodiwa tunajipata katikati ya watu tukiimba kiitikio, macho tumefunga, kama watu waliokuwepo.

Sasa hebu tujiulize tunaimba nini.

Kuna wanaume wawili. Mmoja ana hasira, na si hasira ya mchezo, anataka kuua. Mwingine anajitetea. Kisa ni mwanamke. Na utetezi wenyewe, ukiuondoa kwenye muziki na kuuweka mezani kama karatasi, unasema hivi: wewe umeacha mtu kwako, mimi pia nimeacha mtu kwangu. Huyu tunayemgombania hana mwenyewe kati yetu. Basi tunachukiana kwa lipi?

Ni hesabu safi sana. Moja toa moja, sufuri. Kila upande una kosa lake, makosa yanafutana, tunabaki na wanaume wawili wasio na hatia. Wakili yeyote angejivunia hoja kama hiyo. Ila ukihesabu watu badala ya makosa unapata watano: wanaume wawili, wawili walioachwa nyumbani, na yule wa katikati. Anayeongea ni mmoja, anayeambiwa ni mmoja, na watatu waliobaki wametumika kama mawe ya mizani. Wanawekwa huku na kule ili upande mmoja usizidi mwingine. Hakuna anayeliuliza jiwe linaonaje.

Naupenda wimbo huu kuliko karibu nyimbo zote ninazozijua. Ndiyo maana umenisumbua mwaka mzima. Nilitaka kujua ni nini hasa ninachokipenda, kwa sababu hoja yake naikataa na bado mwili wangu unaikubali kila mara. Jibu nililolipata ni kwamba "Sina Makosa" ni nyimbo mbili ndani ya moja. Kuna ya mdomo na kuna ya vidole, na hizo mbili hazikubaliani kuhusu maana ya watu kuwa sawa.

Tuanze na ya mdomo, kwa sababu hiyo ndiyo tunaishi nayo.

Kizazi chetu kinapenda sana kuongea kuhusu mizani katika mapenzi. Nani anatuma "umeamka aje" kwanza. Nani alilipa juzi, nani analipa leo. Ukienda mtandaoni siku yoyote utapata watu wanabishana kuhusu nusu kwa nusu: kodi nusu, stima nusu, nauli ya deti kila mtu ajilipie. Wengine wanasema mwanaume alipe yote, wengine wanasema huo ni utapeli. Kelele ni nyingi lakini pande zote mbili zinakubaliana kwa jambo moja, kwamba mapenzi ni daftari, na kinachogombaniwa ni nani aandike nini wapi.

Naongea nikiwa ndani ya daftari hilo. Mimi nalipwa kwa makala. Kuna mwezi pesa zinaingia mara tatu, kuna mwezi haziingii kabisa. Chuo niliacha mwaka wa tatu karo iliponishinda, kwa hivyo sina karatasi ya kwenda nayo ofisini mambo yakiwa magumu. Mtu wangu ana kazi ya mshahara. Tulipohamia keja moja Kasarani tulikubaliana nusu kwa nusu, na tukawa na orodha kwenye simu: maziwa, gesi, tokeni za stima, unga. Kila mtu anaandika alichotoa, mwisho wa mwezi tunalinganisha. Mwezi ambao sikulipwa, nusu yangu ilibaki pale kama deni. Miezi mitatu hivyo, na jina langu likawa na mkia mrefu.

Ambacho hakikuwa kwenye orodha ni maji. Kwetu maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki, tena mchana, na aliye nyumbani mchana ndiye anayejaza mitungi. Niliyekuwa nyumbani ni mimi. Hakuna safu ya mitungi kwenye orodha. Hakuna safu ya kupika, ya kumfungulia fundi wa sinki, ya kukumbuka kwamba sabuni imebaki kidogo. Nilipolisema hili, hakunipigia kelele. Alishangaa tu, kwa upole kabisa, akaniuliza, "Lakini si tuko sawa? Si ni nusu kwa nusu?"

Kwa hesabu yake, hakuwa na makosa.

Hapo ndipo wimbo uliniingia kwa njia mpya. Yule mwanaume wa Les Wanyika hadanganyi, naye. Kila anachokitaja ni kweli. Shida iko kwa ambacho hakukiweka kwenye hesabu tangu mwanzo. Ukichagua mwenyewe vitu vya kupima, mizani itakupa haki kila siku.

Na tusidhani ni ugonjwa wa zilizopendwa peke yake. Chukua "Nerea" ya Sauti Sol pamoja na Amos na Josh, iliyo kwenye albamu ya Live and Die in Afrika ya mwaka 2015. Mwanaume anamsihi mpenzi wake asiitoe mimba, na anamtajia watu wakubwa ambao mtoto huyo anaweza kuja kufanana nao. Wimbo ni mtamu, sauti zimepangwa vizuri mno. Mwanamke wa safari hii angalau ana jina, tena jina lake ndilo tunaloliimba sote. Jibu ndilo hana. Tunamwita na kumwita mpaka wimbo unaisha, na hatujui alisema nini, anaogopa nini, anaishi na nani. Miaka zaidi ya thelathini imepita kati ya nyimbo hizo mbili, na kiti cha tatu bado kiko wazi.

Sasa twende kwa vidole.

Karibu na stage yetu kuna mzee fundi wa viatu mwenye redio ndogo iliyofungwa kwa raba. Siku moja nilikuwa nangoja soli ishike gundi, "Sina Makosa" ikawa inapigwa, nami nikaanza kulalamika kuhusu maneno. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Msichana wangu, wewe umeshika mdomo tu. Hebu mfuate yule wa besi. Muache mwenye kuimba, mfuate yule mmoja mpaka mwisho, uone kama utachoka."

Nilifanya hivyo usiku huo, na earphones, taa imezimwa. Nakuomba na wewe ufanye, maana sijui raha ya muziki inayoshinda hii: kuugundua wimbo ambao umekuwa ukiusikia tangu utotoni. Wimbo mgeni unakupa mshtuko wa mara moja. Huu wa nyumbani unakuonyesha kwamba kulikuwa na chumba kingine ndani ya nyumba yenu na hukuwahi kufungua mlango.

Mara ya kwanza fuata besi. Tommy Malanga hapigi noti nyingi. Anaweka chache, nzito, halafu anaacha nafasi, na nafasi hiyo ina uzito sawa na noti. Ukiwa unacheza, hapo ndipo kiuno kinageuka. Kumbe miaka yote tumekuwa tukicheza kimya cha besi.

Mara ya pili fuata gita la rithimu. Hili ni la Omar Shabani, aliyeitwa Profesa Omar. Linazunguka, linarudia, linazunguka tena, kama mtu anayefagia ua mpana bila haraka. Ukilisikiliza juu juu utasema halifanyi kitu. Lisikilize dakika mbili mfululizo utaona kwamba kila kitu kingine kimesimama juu yake.

Mara ya tatu fuata gita la solo. Lenyewe ndilo lenye maneno mengi. Lakini angalia linaongea saa ngapi. Mwimbaji akishika mstari, linarudi nyuma. Mwimbaji akivuta pumzi, linaingia na kijibu kifupi, kisha linatoka. Sauti zikiisha na magita yakaachiwa uwanja, ndipo linatembea mbele, na hata hapo haliwakimbii wenzake. Muundo huu wa magita yanayofumana ulifika kwetu kwa nguvu ya rumba ya Kongo. Wanyika waliupunguza mwendo, wakauweka Kiswahili cha Tanga, wakaupa hewa.

Mara ya nne sikiliza yote pamoja. Mimi hapo nilicheka peke yangu gizani.

Kwa nini nilicheka? Kwa sababu nusu kwa nusu haimo kabisa. Ukihesabu noti, solo inapiga nyingi kuliko besi. Kungekuwa na orodha kwenye simu, besi angekuwa na deni kubwa mwisho wa mwezi. Na bado hakuna anayesikia upungufu. Kila mmoja anapiga kulingana na anachokisikia kwa mwenzake wakati huo huo, na anajua akinyamaza, kunyamaza kwake kutatumika.

Kiswahili kina neno la hali hii, na ni neno la kila siku mpaka tumesahau linasema nini: kusikilizana. Tunalitumia tukimaanisha kupatana, kuelewana, bei kushuka kidogo sokoni. Lakini lifungue uone kilichomo. Ni kusikiliza, kukaenda pande zote mbili. Lugha yenyewe inadai kwamba mapatano ni masikio kabla ya kuwa hesabu. Wale wanaume wawili wa kwenye maneno hawasikilizani. Mmoja anafoka, mwingine anatoa hoja. Lakini magita matatu nyuma yao yanasikilizana kuanzia noti ya kwanza mpaka ya mwisho. Mdomo unasema tuko sawa kwa sababu madeni yetu yanalingana. Vidole vinasema tuko sawa kwa sababu kila mmoja anasikika.

Najua pingamizi, nililisikia kichwani kabla sijamaliza kufurahi. Si hii ndiyo hadithi wanawake wameambiwa siku zote? Ati wewe ndiwe rithimu ya nyumba, ndiwe nguzo, fagia ua bila haraka, mwache mwenzako apige solo, mapenzi hayahesabiwi. Nikiwa na mitungi sita ya lita ishirini mlangoni sitaki kuambiwa mimi ni besi. Daftari lina ubaya wake, lakini lilivumbuliwa na watu waliochoka kudhulumiwa kwa maneno matamu. Asiyehesabu kabisa mara nyingi ni yule anayefaidika.

Pingamizi hili ni zito, na sitalijibu kwa ushairi. Nitalijibu kwa historia ya bendi yenyewe.

Jambo la kwanza: kiongozi wa Les Wanyika alikuwa Profesa Omar, yule wa gita la rithimu. Aliyekuwa akirudia nyuma ndiye aliyekuwa na usemi kuhusu bendi iende wapi. Hili linabadilisha kila kitu. Kazi ya kurudia inakuwa utumwa pale mwenye kuifanya hana sauti kwenye maamuzi. Ukimpa sauti, kazi ile ile inakuwa usukani. Kwa hivyo swali la kuuliza nyumbani si nani anafanya kazi ndogo na nani kubwa. Ni je, anayejaza maji ana neno kuhusu nyumba ihamie wapi, pesa ziende wapi, wageni waje lini?

Jambo la pili: watu hawa walijua kuondoka. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walianzia Tanga kwenye Jamhuri Jazz, wakapitia Arusha, wakaingia Kenya mwaka 1971 na kujenga Simba Wanyika. Mwaka 1978 kundi la wapigaji wao likajitoa na kuwa Les Wanyika: Profesa Omar, Tommy Malanga, Rashid Juma kwenye ngoma, Issa Juma kwenye sauti, na John Ngereza akaungana nao. Muda si muda Issa Juma naye akatoka, akawa na Super Wanyika. Nairobi ya miaka ile ilikuwa hivyo. Hata Les Mangelepa, Wakongo waliotamba mjini humu, walizaliwa mwaka 1976 kwa kumwacha Baba Gaston. Ukichora mti wa bendi hizi, kila tawi ni kuachana kwa mtu.

Kwa hivyo tunaposikia magita yale yakifumana kwa raha hivyo, tunasikia watu ambao wangeweza kwenda, na ambao kwa muda huo walichagua kubaki. Nadhani raha inatoka hapo. Kusikilizana kwa mtu asiyeweza kuondoka si kusikilizana, ni kuvumilia, na Kiswahili kina methali za kutosha za kuvumilia. Mizani inahitaji mlango usiofungwa kwa nje.

Nalijua hili kwa mwili. Kabla ya sisi wawili kukaa chini na kuongea kuhusu ile orodha, nilikuwa nimeshaulizia chumba Githurai, nimeshapewa bei, nimeshapiga hesabu ya mkokoteni wa kubeba godoro. Sikumtishia nacho. Lakini nilivyoongea usiku ule ilikuwa tofauti, kwa sababu nilikuwa najua naweza kwenda. Naye, kwa haki yake, alisikiliza tofauti. Tulibishana mpaka saa saba. Aliniambia jambo ambalo orodha haikuwa imewahi kuniambia: kwamba kila mwisho wa mwezi alikuwa na hofu kazi itaisha na mimi nitaona hana maana tena, na kuandika alichotoa kulikuwa namna yake ya kujihesabia kwamba bado yuko. Hilo sikuwa na safu yake. Orodha tuliifuta. Siku za maji anajaza yeye kabla ya kwenda kazini kama yameanza alfajiri, na yakichelewa najaza mimi, na mtu anasema asante. Bado tunagombana. Lakini sasa tunagombana tukijua tunagombania nini.

Turudi kwenye kiti cha tatu, maana sitaki magita yaniweke usingizi. Vidole vikiwa na hekima namna gani, haviwezi kumpa neno mwanamke ambaye maneno yamemnyima. Na si kweli kwamba muziki wetu haukujua kufanya hivyo enzi hizo. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja mpaka Bombay kurekodi santuri, na kati ya nyimbo zake kuna "Kijiti", kisa cha mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kutembea Unguja akauawa, na muuaji akatoroka. Marehemu hawezi kuongea, basi Siti anamsemea, na wimbo unakuwa mahakama iliyokosekana. Taarab baada yake imejaa kujibizana. Mwanamke akiimbwa, kesho yake ana uwezekano wa kuimba. Yaani miaka hamsini kabla ya Les Wanyika, lugha hii hii ilikuwa na mahali pa yule asiyetajwa. Bendi za dansi za Nairobi, zikiwa karibu zote za wanaume, hazikupaleta mahali hapo mjini.

Kwa hivyo hukumu yangu ni hii. Kama utetezi, "Sina Makosa" imeshindwa kesi. Kama muziki, ni moja ya picha bora tulizonazo za watu kuishi pamoja bila kubanana, na picha hiyo imechorwa nyuma ya mgongo wa mtu anayedai kitu kingine kabisa. Sioni sababu ya kuchagua upande mmoja. Wimbo unaobishana na wenyewe una maisha marefu kuliko wimbo wenye jibu, na huu bado unatutoa vitini.

Ninachotaka ni nyongeza. Tuna wasichana wenye kalamu kali kwenye muziki wa Nairobi leo, na wimbo wa kujibu si jambo geni kwa Kiswahili. Mmoja wao auchukue mdundo ule ule, mwendo ule ule, asiongeze kasi. Aimbe akiwa yule wa katikati, au mmoja wa wale wawili walioachwa nyumbani, na atuambie yeye alikuwa anahesabu nini wakati wanaume wanatoa moja kwa moja. Ombi langu kwa mtayarishaji ni moja tu: besi iachwe kama ilivyo, na zile nafasi zake zisijazwe. Atazihitaji.